Chokaa

Alhamisi, alasiri, Kibos.
Kiwanda cha sukari kimeshusha pumzi yake nzito
na masizi ya miwa yanatua juu ya mabati ya zawiya
kama barua zilizochomwa kabla ya kusomwa.
Nimetumwa kupiga picha sita.
Mihrabu, mlango, ukuta wa kibla,
wafadhili wazione nyufa.
Watu hapana, ilisema kamati.

Ndani nikamkuta Adija binti Marjan
juu ya kreti ya soda,
kibwebwe kiunoni, ndoo ya chokaa,
brashi ya katani iliyonyonyoka.
Huipaka mihrabu kila Shaabani
tangu mumewe aliporudishwa kutoka relini
ndani ya blanketi.

"Mimi usinipige," alisema, hakugeuka.
"Piga alichojenga babu.
Askari yule, mguu mmoja mbovu;
upinde huu aliupima kwa mikono yake,
ndiyo maana umelalia kushoto.
Imamu wetu mrefu, anagonga kipaji.
Watu walitaka ubomolewe.
Babu akasema: na ainame."

Baba yangu alikuwa na studio mjini,
pazia lenye mlima wa theluji
na ndege ya kuchorwa isiyoruka.
Alinifundisha kwamba sura ni nyumba:
tafuta dirisha kwanza.
Nimepiga maharusi, nimepiga maiti,
nyuso za pasipoti zilizokatazwa kucheka.
Sikuwahi kumpiga mtu aliyenipa mgongo
na mgongo ukanitazama.

Ukutani kuna mstari, usawa wa goti,
rangi ya chai iliyomwagika.
"Mto," alisema. "Mwaka ule ulipovunja kingo
uliingia humu bila kuvua viatu.
Naupaka, unarudi. Naupaka, unarudi.
Siku hizi nausalimia tu."

Baada ya isha wakaketi duara:
Farajala, Sebit fundi wa baiskeli,
Okelo muuza omena, harufu ya ziwa bado kwenye mikono.
Sisi wanawake nyuma ya shuka la kijani.
Jina likaanza polepole,
kama mtu anayepapasa mfuko wa ndani
akihofu kwamba alichokiweka hakimo.
Kisha kimo.
Kisha vifua vikawa mlango mmoja
unaofunguka na kufungwa,
hu,
hu,
kioo cha kamera kikaingia ukungu,
nikakifuta kwa upindo wa mtandio,
kikaingia tena.

Adija alikuwa ameegemea ukuta alioupaka mchana.
Mabega yakaanza kwenda.
Akanigusa goti, macho amefumba:
"Sasa."

Sikuwasha taa.
Niliacha jicho la kamera wazi
kwa urefu wa pumzi tatu,
na mkono wangu, nakiri, ulitikisika.

Ijumaa nilimpelekea.
Ushungi mweupe umemwagikia kwenye chokaa,
chokaa imemwagikia kwenye uso,
pua haipo, kinywa hakipo,
palipokuwa mtu pamebaki mwanga unaosogea.
Mstari wa mto tu ndio mkali:
umempita begani,
kama mtu aliyeketi majini kwa hiari.

Baba angeichana.
Angesema, mteja hajioni hapa, mrudishie pesa.

Adija aliishika karibu, akaishika mbali,
akatoka nayo nje penye jua.
"Nani huyu?"
"Ni wewe."
"Hapana," akasema. Akaitazama tena.
"Alhamdulillahi."

Akaitia kifuani, ndani ya kanga,
akaniuliza kama ninapiga na za kitambulisho,
maana chake kilisombwa na maji
na ofisini wanamwambia kila siku, kesho.
Akavuta kreti, akakaa wima,
mikono mapajani, mdomo ameufunga
kama walivyoagizwa watu wote wa serikali.

Nikapata dirisha, nikapata mlango.
Kwenye ukope wa kulia
palikuwa na tone la chokaa, limekauka.
Nililiona vizuri kabisa.
Sikumwambia alifute.